Kupanga kazi za timu ya programu: hesabu ya sprinti ya wiki mbili

Timu nyingi za programu hulemewa tangu kikao cha kupanga, ingawa maumivu huonekana wiki ya pili. Kazi huchaguliwa kwa kuangalia mteja anataka nini na lini, kisha zinagawiwa kana kwamba kila mtu ana saa nane tupu mbele yake kila siku. Kufikia siku ya saba, tiketi kumi na nne (kila tiketi ni kazi moja iliyoandikwa peke yake) ziko wazi, mbili tu zimekamilika, mtu wa majaribio, anayekagua kazi kabla haijatoka, amerundikiwa kila kitu kwa pamoja, na watu wameanza kukesha.

Njia iliyoelezwa hapa inaanzia upande wa pili. Unahesabu uwezo uliopo, ndipo unachagua kazi zinazoutosha, kisha unadhibiti ni ngapi zinafanywa kwa wakati mmoja. Mfano tutakaoufuata ni timu ya watu 6, wasanidi 5 (wanaoandika programu) na mtu wa majaribio 1, wanaotengeneza mfumo wa mikopo wa SACCOS jijini Dar es Salaam. Sprinti yao, yaani kipindi cha kazi kinachopangwa na kufungwa kwa pamoja, ni ya wiki mbili, na tuko mwezi wa Agosti.

Anza na kalenda

Fungua kalenda kabla hujafungua orodha ya kazi. Wiki mbili zina siku 10 za kazi. Nane Nane imeangukia katikati ya wiki, kwa hiyo zinabaki 9. Watu 6 kwa siku 9 ni siku 54. Msanidi mmoja ana likizo ya siku 3, zinabaki 51. Halafu kuna zamu ya dharura: kila siku msanidi mmoja anashughulikia simu za wateja, hitilafu zinazotoka kwenye mfumo unaotumika, na maswali ya watu wa huduma kwa wateja. Huyo usimhesabu kabisa. Zamu inakula siku 9, zinabaki 42.

Sasa geuza siku kuwa saa. Mtu analipwa saa 8, lakini hazitumii zote kwenye tiketi. Kwa sprinti hii kila mmoja ana kikao cha kupanga cha saa 4, vikao vya asubuhi vya dakika 15 kwa siku 9, vikao viwili vya saa moja moja vya kupitia kazi zijazo, saa 2 za kuonyesha kazi kwa wadau, na saa moja na nusu ya kujitathmini. Jumla ni saa 11 na dakika 45, sawa na saa 1.3 kwa siku. Ongeza uhakiki wa msimbo (maandishi ya programu) wa wenzake, ujumbe, kusubiri seva, na kumweleza mwenzake kitu alichokwama. Ukianza na saa 5 za kazi ya tiketi kwa siku hutakosea sana.

Siku 42 mara saa 5 ni saa 210. Weka kando asilimia 15 kwa yale ambayo hayakuonekana ndani ya tiketi zenyewe: maktaba ya msimbo iliyobadilika, jibu la ajabu kutoka mfumo wa nje, data za zamani zisizolingana. Zinabaki saa 178.

Linganisha na hesabu ya haraka haraka ya watu 6, siku 10, saa 8: saa 480. Aliyepanga kwa saa 480 ameipa timu karibu mara 2.7 ya kazi inayoiweza, na hata ikikesha wiki zote mbili haitaifikia.

Saa 5 ni namba ya kuanzia tu. Kupata ya kwenu, kila mtu aandike namba moja mwisho wa siku: saa ngapi leo zimeingia kwenye tiketi za sprinti. Sprinti mbili zinatosha, kisha acheni. Zoezi hili likigeuzwa kuwa la kudumu, au meneja akianza kuzisoma namba hizo kama kipimo cha bidii, watu wataandika 7 kila siku na hutakuwa na data yoyote.

Kalenda ina mambo mengine ambayo programu za kupangia kazi zilizotengenezwa ng'ambo hazitakukumbusha. Idd hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo sprinti inayoigusa ipangwe kwa kuziondoa siku zote zinazowezekana. Ikibaki moja, itumike kwa kazi ndogo zilizokuwa zinasubiri. Mwezi wa Ramadhani, hamishia vikao vizito asubuhi na usipange kupandisha toleo jipya la programu jioni ya kufuturu. Mifumo ya fedha ina mwisho wa mwezi: mishahara inaingia, marejesho yanakatwa, na simu za wateja zinaongezeka. Timu yetu ya SACCOS huweka watu wawili kwenye zamu kuanzia tarehe 27 hadi 2, na hesabu inashuka kulingana na hilo. Timu yenye watu Nairobi na Dar iangalie kalenda za nchi zote mbili, kwa sababu tarehe 20 Oktoba Mkenya yuko nyumbani kwa Mashujaa na tarehe 14 ya mwezi huo huo Mtanzania yuko kwenye siku ya Nyerere.

Kama mnatumia pointi, yaani namba za kulinganisha ukubwa wa tiketi, badala ya saa, kanuni ni ile ile. Chukua pointi zilizokamilika katika sprinti tatu zilizopita, tuseme 24, 31 na 26. Wastani ni 27. Angalia sprinti hizo zilikuwa na siku ngapi za kazi baada ya kutoa likizo na zamu. Tuseme wastani wa 48. Sasa mna 42. Zidisha 27 kwa 42, gawanya kwa 48: 23.6. Panga 23. Usipande hadi 27 kwa kuwa ndiyo kasi ya kawaida. Kasi hiyo ilipatikana kwa siku ambazo safari hii hamna.

Kata tiketi mpaka ziwe za siku moja au mbili

Hapa ndipo kazi ya kupanga ilipo hasa, na ndipo timu nyingi hupita mbio. Tiketi kubwa haikadiriki vizuri, inakaa wazi wiki nzima, inaleta mabadiliko ya mistari mia nane ambayo mhakiki anayapitisha bila kuyasoma, na inafika kwa mtu wa majaribio siku ya tisa. Lengo liwe hili: kila tiketi iweze kuanzishwa, kuhakikiwa, kujaribiwa na kufungwa ndani ya siku tatu, ambazo kati yake kuandika msimbo ni moja au mbili.

Chukua tiketi iliyoandikwa hivi: "Mwanachama alipe rejesho la mkopo kwa simu." Ukiuliza timu, mmoja atasema siku 3, mwingine siku 10, na wote wana sababu. Wengi huikata kwa tabaka: tiketi ya hifadhidata, tiketi ya seva, tiketi ya skrini. Ukikata hivyo, hakuna kipande kinachoweza kujaribiwa mpaka vyote vitatu viishe, na umerudi pale pale. Ikate kwa safari ya pesa:

1. Mwanachama anabonyeza "Lipa", ombi linachomoza kwenye simu yake, na mfumo unahifadhi ombi hilo likiwa na hali ya "linasubiri".
2. Jibu la mtandao wa simu likija, hali inabadilika kuwa "limelipwa" au "limekataliwa", na salio la mkopo linapungua.
3. Jibu lile lile likija mara mbili, salio lipungue mara moja tu. Namba ya kumbukumbu ya muamala ndiyo inayolinganishwa.
4. Jibu lisipokuja ndani ya muda uliowekwa, mfumo wenyewe uulize hali ya muamala badala ya kuliacha ombi linaning'inia.
5. Mwanachama anapata ujumbe mfupi wenye kiasi na salio lililobaki.
6. Mhasibu anapata ripoti ya jioni inayolinganisha malipo yaliyoandikwa kwenye mfumo na yale ya taarifa ya mtandao wa simu.

Kila kipande kinaweza kuonyeshwa kwa mtu. Na tazama kilichotokea: namba 3 na 4 hazikuwa kwenye kichwa cha mtu yeyote wakati tiketi ilipokuwa moja, na ndizo zinazowatokea watu usiku wa Ijumaa. Yule aliyesema siku 10 alikuwa anaziona. Yule wa siku 3 alikuwa anaona namba 1 na 2. Sasa msimamizi wa bidhaa, anayechagua kipi kitengenezwe kwanza, anaweza kuamua kwamba namba 5 isubiri sprinti ijayo, ila 3 haiwezi kusubiri hata kidogo, kwa kuwa bila hiyo mwanachama mmoja atapunguziwa deni mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Kila tiketi iwe na mistari mitatu kabla haijaingia kwenye sprinti: inamsaidia nani kufanya nini, tutajuaje imefanya kazi, na inategemea nini kutoka nje. Mstari wa tatu ndio unaosahaulika. Kama namba 1 inahitaji funguo za majaribio kutoka kampuni ya simu, na funguo hazijafika, tiketi hiyo haiingii. Siyo "zitafika kesho." Zikifika, itaingia. Kinachoingia sprinti hii ni barua pepe ya kuzifuatilia, na jina la mtu anayezifuatilia.

Kubalianeni pia "imekamilika" ni nini, na muiandike kwenye ubao wa kazi, ule wenye safu za hatua ambazo tiketi hupitia. Kwa timu hii: msimbo umehakikiwa na mtu mmoja asiyeuandika, majaribio ya otomatiki yamepita, mtu wa majaribio ameipitisha kwenye seva ya majaribio, na imeunganishwa kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo. Bila maelewano hayo, msanidi atasema amemaliza wakati nusu ya kazi ingali mbele.

Kukadiria bila kupoteza mchana mzima

Njia ya karata, iliyoelezwa na James Grenning mwaka 2002, bado ni nzuri kwa sababu inazuia sauti ya mkubwa kuwameza wengine. Kila mtu anachagua namba kimya kimya kati ya 1, 2, 3, 5, 8 na 13, kisha wote wanafunua kwa pamoja. Namba zikikaribiana, chukueni kubwa na msonge mbele. Zikitofautiana, aliyetaja ndogo kabisa na aliyetaja kubwa kabisa ndio wanaoongea, dakika mbili tu, kisha mnapiga tena. Mkishindwa mara ya pili, tatizo si namba. Hakuna anayeielewa tiketi, irudi kwa msimamizi wa bidhaa. Tiketi iliyopata 8 ijadiliwe kukatwa. Iliyopata 13 ikatwe.

Mtu wa majaribio lazima apige karata. Mabadiliko ya mstari mmoja kwenye hesabu ya riba yanaweza kuwa saa moja ya kuandika na siku mbili za kujaribu, na ni yeye pekee atakayelisema hilo.

Pointi za timu moja hazilinganishwi na za timu nyingine. Meneja akianza kuuliza kwa nini timu ya pili ina 40 na ninyi 27, ndani ya sprinti mbili tiketi zilizokuwa za 3 zitakuwa za 5, jumla itapanda, na kazi iliyofanyika itakuwa ile ile. Kama mmefika huko, achaneni na pointi, hesabuni idadi ya tiketi zinazokamilika kwa wiki. Kwa timu inayokata tiketi vizuri idadi hiyo inatosha kabisa kupangia.

Kazi zilizo wazi kwa wakati mmoja

Kama utachukua jambo moja tu kwenye mwongozo huu, chukua hili. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ya foleni ambayo kwenye ubao wenu inasomeka hivi: wastani wa muda ambao tiketi inakaa wazi ni idadi ya tiketi zilizo wazi, gawanya kwa idadi inayokamilika kwa wiki. Tiketi 18 zikiwa wazi na timu inakamilisha 6 kwa wiki, kila moja inakaa wastani wa wiki 3. Na sprinti yenu ni ya wiki mbili! Mkizishusha hadi 9, na kasi ikabaki 6, kila moja inakaa wiki moja na nusu. Hamjaongeza mtu, hamjaongeza saa. Mmeacha tu kuanzisha vipya kabla vya zamani havijaisha.

Kanuni hii inafanya kazi kama kazi zinaingia na kutoka kwa mwendo unaofanana. Timu inayopokea kazi 10 kwa wiki na kukamilisha 6 itazidi kujaza ubao, na hakuna kikomo kitakachoiponya mpaka mtu akatae zile 4.

Wekeni kikomo juu ya kila safu ya ubao. Kwa timu yetu ya watu 6, mmoja akiwa zamu: "Inafanywa" 4, "Inahakikiwa" 2, "Inajaribiwa" 2. Safu ya "Inajaribiwa" ikijaa na msanidi amemaliza tiketi yake, haruhusiwi kuisukuma mbele wala kuvuta mpya. Anahakiki msimbo wa mwenzake, au anakaa na mtu wa majaribio na kumsaidia kuandaa data, au anajaribu tiketi ya mtu mwingine. Kamwe asijaribu yake mwenyewe. Jicho lililoandika halioni.

Wiki ya kwanza hili litawaudhi wasanidi. Watahisi wamefungwa mikono. Usiondoe kikomo. Msongamano uliokuwa umejificha sasa umeonekana, na mara nyingi uko kwenye uhakiki: mabadiliko yanakaa siku mbili yakisubiri mtu ayasome, kwa kuwa kila mtu yuko "bize" na tiketi yake ya pili. Tiba ni ya kawaida sana. Kila msanidi aanze asubuhi na baada ya chakula cha mchana kwa kuangalia kama kuna mabadiliko yanayomsubiri, kabla hajagusa ya kwake.

Wakubwa wengi wa kazi hawapendi kusikia kwamba mtu aachiwe nafasi. Waonyeshe hesabu ya foleni. Kwa foleni rahisi yenye mhudumu mmoja, kazi zikija bila mpangilio na urefu wake nao ukiwa wa kubahatisha, mhudumu akiwa na shughuli asilimia 50 ya muda wake, kazi husubiri kwa wastani muda sawa na ule wa kuifanya. Akiwa na shughuli asilimia 80, inasubiri mara 4 ya muda huo. Asilimia 90, mara 9. Asilimia 95, mara 19. Mtu wa majaribio aliyejazwa pomoni ndiye anayeichelewesha timu nzima, hata kama ndiye anayejituma kuliko wote. Timu si foleni ya mhudumu mmoja, namba zenu zitatofautiana, lakini mkunjo ni ule ule: asilimia za mwisho ndizo zinazouma.

Dharura na kazi za pembeni

Kila kazi isiyopangwa ipate tiketi, hata ya dakika ishirini, na iwekewe lebo ya "nje ya mpango". Msipoandika, mwisho wa sprinti mtaonekana wazembe bila sababu. Baada ya sprinti tatu, angalieni sehemu yake. Ikiwa ni asilimia 30, pangeni mkijua hivyo. Ikizidi nusu, sprinti haiwafai kwa sasa. Tumieni kanbani tupu, yaani ubao wenye vikomo, kuvuta kazi moja baada ya nyingine, na kupanga upya kila wiki kwa nusu saa.

Mtu wa zamu anahitaji kipimo cha kuamua, la sivyo kila simu itakuwa moto. Pesa za wanachama zimekosewa, mfumo umezima, au taarifa za watu zimevuja: simamisheni kazi, ita wenzako. Mtu mmoja amekwama lakini kuna njia nyingine ya kumaliza shughuli yake: wa zamu anashughulika peke yake leo. Mengine yote yanaenda kwenye orodha na yatasubiri kikao cha kupanga. Andikeni ngazi hizi tatu mahali ambapo watu wa huduma kwa wateja wanaziona, na muwape mfano wa kila moja.

Halafu kuna mkurugenzi anayepita mezani kwa msanidi: "Kaka, hebu niwekee hicho kitufe, ni kidogo tu." Msanidi kijana hawezi kumkatalia mkubwa, na hapaswi kuachiwa mzigo huo. Kiongozi wa timu ndiye anayejibu, na kwa heshima: "Sawa mkuu, tunaweza kukiingiza. Ni kazi ya siku mbili pamoja na majaribio. Kikiingia, ripoti ya mhasibu inahamia sprinti ijayo. Ungependa kipi kianze?" Jibu hilo halikatai; linamrudishia uamuzi ulio wake. Mara nyingi kitufe kinasubiri. Akichagua kitufe, ripoti itoke kwenye ubao hapo hapo mbele yake, isibaki ikitegemea bahati.

Tangu mwaka 2011, mwongozo rasmi wa skramu (utaratibu wa kufanya kazi kwa sprinti) wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland huichukulia orodha ya kazi za sprinti kama makadirio, na toleo la 2020 linasema kinachoshikiliwa kwa dhati ni lengo la sprinti. Kwa hiyo andikeni lengo kwa sentensi moja, mathalani: "Mwanachama aweze kulipa rejesho kwa simu na salio lake liwe sahihi." Mambo yakibana, tiketi zisizogusa sentensi hiyo ndizo za kwanza kutoka.

Kikao cha asubuhi na umri wa tiketi

Acheni kuzunguka mtu mmoja mmoja mkiuliza jana ulifanya nini. Usomeni ubao kutoka kulia kwenda kushoto, kuanzia kilicho karibu kukamilika. Swali ni moja: tiketi hii inahitaji nini ili leo isogee? Kila tiketi iwe na namba ya siku ilizokaa wazi. Programu nyingi za ubao, Jira ikiwemo, huonyesha hilo, na kwenye ubao wa ukutani chora nukta moja kila asubuhi. Tiketi yenye nukta nne izungumzwe kwanza. Ama ni kubwa na inahitaji kukatwa, ama mtu amekwama na anaona haya kusema. La pili ni la kawaida kwa wageni kazini, na nukta humwondolea aibu: ubao ndio uliosema, siye yeye.

Tiketi iliyokwama kwa mtu wa nje ipate alama nyekundu na jina la anayefuatilia. Siku moja ikipita bila jibu, kiongozi wa timu apige simu. Barua pepe ya tatu haina nguvu ya simu ya kwanza.

Kama mteja yuko New York, saa 3 asubuhi kwake ni saa 11 jioni Afrika Mashariki wakati wa majira ya baridi, na saa 10 jioni majira ya joto. Swali mlilotuma asubuhi yenu litajibiwa mkiwa mnafunga ofisi, na kila swali moja linakula siku nzima. Kusanyeni maswali yote ya tiketi kwenye kikao cha kupitia kazi zijazo, wiki moja kabla, na kila swali liambatane na jibu mtakalolifuata asipojibu.

Tarehe ya kumwambia mkubwa

Zimebaki tiketi 40, na wiki nane zilizopita mmekamilisha 4, 6, 3, 7, 5, 5, 2 na 6. Wastani ni 4.75, na 40 gawanya kwa hiyo ni wiki 8.4. Ukimwambia bosi "wiki nane" umetoa tarehe ambayo nafasi ya kuikosa ni kubwa kuliko ya kuifikia. Fanya hivi kwenye lahajedwali: kwa kila wiki ijayo, chagua kwa bahati nasibu moja ya zile namba nane, zijumlishe mpaka zifike 40, andika ilichukua wiki ngapi. Rudia mara 1,000. Kwa namba hizi utaona kwamba mwisho wa wiki ya 8 kazi imeisha katika majaribio machache kuliko nusu, wiki ya 9 takriban robo tatu, na wiki ya 10 zaidi ya tisa katika kila kumi. Toa ahadi ya wiki ya 10, na useme wazi kwamba ya 9 inawezekana.

Kumbuka tiketi 40 hazitabaki 40. Angalia ni ngapi zimekuwa zikiongezeka kila wiki na uziingize kwenye hesabu. Zikiongezeka 2 kwa wiki, kasi yenu halisi kuelekea mwisho ni 2.75, na mazungumzo mnayopaswa kuwa nayo ni ya kupunguza kazi.

Jibu ambalo wakubwa hulikimbilia ni kuongeza watu. Fred Brooks aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi, na sababu zake hazijabadilika: mgeni anafundishwa na wale wale waliolemewa, na njia za mawasiliano zinaongezeka. Watu 6 wana jozi 15 za kuongea, watu 9 wana 36. Kama mtu mpya lazima aje, mpangie kazi ya kujifunza kwa sprinti mbili, na upunguze uwezo wa yule anayemfundisha kwa robo.

Dalili za kuangalia kwa watu

Ubao unaweza kupendeza huku watu wanaumia. Angalia saa za mabadiliko ya msimbo: yakianza kuingia saa 5 usiku kwa wiki mbili mfululizo, hesabu yenu ya uwezo ni ya uongo na mtu anaifidia kwa usingizi wake. Angalia tiketi ngumu zinakwenda kwa nani. Ikiwa kila kinachohusu riba ni cha dada mmoja, siku akiugua hakuna kinachosogea, na yeye mwenyewe hathubutu kuomba likizo. Sprinti ijayo kazi ya riba ifanywe na mwingine akiwa ameketi naye. Itachukua karibu mara mbili ya muda. Ipangieni hivyo tangu mwanzo.

Ilani ya Ajaili (Agile) ya mwaka 2001, tamko kuhusu namna ya kutengeneza programu, iliyoandikwa na watu 17 huko Snowbird, Utah, ina kanuni kumi na mbili nyuma yake, na mojawapo inadai mwendo ambao wafadhili, wasanidi na watumiaji wanaweza kuudumisha bila kikomo. Ni kanuni ya kazi kama zilivyo zile nyingine, na timu ina haki ya kuitaja kwenye kikao.

Siku ya mwisho ya sprinti

Tiketi isiyokamilika haipati nusu ya pointi. Inapata sifuri, inarudi kwenye orodha, inakadiriwa upya kwa kilichobaki, na inashindana na nyingine zote. Huenda lengo limebadilika na haihitajiki tena. Ikihamia sprinti mbili mfululizo, ikatwe au ifutwe.

Leteni namba nne kwenye kikao cha kujitathmini: tiketi zilizopangwa, zilizokamilika, zilizoingia nje ya mpango, na wastani wa siku ambazo tiketi ilikaa wazi. Tuseme zilipangwa 12, zimekamilika 9, zimeingia 5 za nje, wastani siku 4.5. Hapo wala usiulize nani alizembea. Zifungue zile 5 moja moja: tatu zikiwa ni hitilafu za skrini ile ile ya kuingiza dhamana, basi sprinti ijayo siku mbili zinakwenda kuirekebisha skrini hiyo. Chagueni badiliko moja tu, mliandikie tiketi yenye jina la mtu, na liingie kwenye hesabu ya saa 178 kama kazi nyingine yoyote.